Sherehe ya Nywele Bila Msusi

Mwaliko ulikuwa wa watu wawili. Chini ya jina langu waliandika "pamoja na mwenzako", na chini ya hapo wakaeleza mavazi: nyeusi au dhahabu, ya kumetameta. Jeli mpya ya kutengenezea nywele ilikuwa inazinduliwa juu ya paa la hoteli moja mtaani Westlands, Ijumaa jioni, na kwa kuwa ninaandika kuhusu biashara za mji huu, nami nikawekwa kwenye orodha. Rafiki zangu watatu waliomba niende nao. Nikamchukua msusi wangu.

Mama huyu amenisuka kwa miaka kumi na mmoja katika Soko la Kenyatta. Wanairobi hulijua soko hilo kwa mambo mawili, nyama choma na nywele. Hujalifikia lango umeshaitwa: "Dada, unasukwa? Njoo nikusuke!" Ndani ya vibanda vilivyobanana, kichwa kimoja hushikwa na wasusi wawili, hata watatu, mmoja kushoto, mmoja kulia, ili mteja atoke kabla ya giza. Mama alianza kazi hiyo kabla mimi sijamaliza shule. Nilipompigia simu kumwalika alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo moja tu: "Wataeleza jeli yenyewe, ama ni kula tu?" Nikamwambia nadhani ni yote mawili.

Sitaki kujifanya kwamba sikufurahi. Ukitoka kwenye lifti ulikanyaga zulia, ukapita mbele ya ukuta wenye jina la jeli lililoandikwa mara mia, na vijana wenye kamera wakakuomba ugeuze bega. Mji wote ulikuwa chini yetu, taa za Waiyaki Way zikitiririka kama shanga zilizokatika uzi. Kulikuwa na baridi ya Julai, wakaweka majiko ya gesi kati ya meza. Kisha wakapita wanamitindo. Mmoja alikuwa na nywele zilizojengwa kama kikapu cha kiondo, mwingine ana mistari iliyopinda kutoka kipajini hadi kisogoni kama njia za mchwa, mwingine nywele zake mwenyewe, fupi, nyeusi, zimelazwa zikang'aa kama maji usiku. Nilikaa pale nikaona koo linanikaba. Nililelewa nikitazama makopo ya mafuta ya nywele yenye picha ya mwanamke ambaye nywele zake hazikufanana na za mtu yeyote katika ukoo wetu. Kuona nywele za kwetu zikipigiwa makofi na watu mia mbili waliovaa dhahabu si jambo dogo kwangu, na yeyote aliyepanga sehemu hiyo ya jioni namshukuru kwa moyo wangu wote.

Lakini nilikuwa nimeketi na mtu anayesoma vichwa.

Mama hakutazama nguo. Alitazama nywele za wageni meza kwa meza, polepole, kama fundi wa saa anayesikiliza saa za watu. "Ile ni wigi, nzuri, imekaa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Yule rasta zake zina miezi mitatu, anaogopa kufumua. Yule wa dhahabu amesukwa jana, tena amekazwa. Leo hatalala, mwanangu. Atalala kwa shavu." Kisha akanyamaza, na aliporudi kusema sauti ilikuwa imebadilika. "Angalia vipaji vya uso. Hapa, na hapa. Zimeanza kwenda."

Nikaangalia, na nikishaona sikuweza tena kuacha kuona. Wasichana wa miaka ishirini na kitu, warembo, na pembeni mwa uso, juu ya masikio, ngozi ikiwa wazi pale ambapo zamani palikuwa na vile vinyweleo vyororo ambavyo Kiswahili kimevipa jina zuri kuliko lugha zote ninazozijua: malaika. Pale palipobaki malaika wachache walikuwa wamepakwa jeli na kuchorwa kwa mswaki vikawa mawimbi. Hiyo ndiyo kazi kubwa iliyotangazwa usiku ule: jeli ishike nywele za mbele zilale kutwa nzima zisiinuke.

Tuseme wazi jeli hufanya nini, kwa sababu pale juu ya paa hakuna aliyesema. Sehemu kubwa ya jeli ni maji. Ndani ya maji hayo mna polima, yaani molekuli zilizoungana zikawa minyororo mirefu. Maji yakikauka, minyororo hiyo hubaki kama utando mwembamba unaoushikanisha unywele na jirani yake. Ukipaka nyingi, au ukiipaka juu ya mafuta yasiyoelewana nayo, utando huo huvunjika ukawa unga mweupe. Jeli yenyewe haing'oi unywele. Kinachoung'oa ni mvuto: kuzikaza nywele kuelekea kisogoni siku baada ya siku, kuzifunga, kuzisuka kwa rasta nzito, kisha kuzilaza kwa jeli zisionekane zinavyolalamika. Mzizi ukivutwa miaka mingi hudhoofika, na mwishowe hufa, mahali pake pakawa kovu. Ukiwahi mapema nywele hurudi. Ukichelewa hazirudi tena. Waganga wa ngozi wanalijua hili kwa zaidi ya karne moja. Maelezo ya kwanza ya kitabibu yalitolewa mwaka 1907, na hayakuwahusu Waafrika: yalihusu wanawake wa Greenland, huko kwenye barafu, waliokuwa wakizifunga nywele zao kwa kuzikaza utosini. Kwa hiyo anayekwambia kwamba nywele zako zinakatika kwa sababu ni za Kiafrika, mwambie asome tena. Nywele yoyote ikivutwa hung'oka.

Sasa, kwa nini jambo hili halikutajwa? Jibu rahisi ni kwamba sherehe si darasa. Mwenye bidhaa ametumia pesa zake, amelipa hoteli, muziki na wanamitindo, ili picha zisambae mitandaoni kabla ya saa sita usiku. Hakuna aliyepanda lifti ili asomewe kemia. Naielewa hoja hiyo. Biashara ya nywele si mchezo: kampuni ya Godrej kutoka India ilianza kuinunua Darling, rasta za vichwa vyetu, mwaka 2011; L'Oréal ya Ufaransa ikanunua chapa yetu ya vipodozi, Nice & Lovely mwaka 2013; na mwaka 2023 Muswada wa Fedha ulipopendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa wigi na nywele za bandia, hata wizara ya fedha ilikuwa imeona kwamba vichwani mwetu kuna pesa. Pesa zikiwa nyingi hivyo, kila mwenye jeli anataka kung'aa kuliko jirani yake.

Lakini nimekaa na jambo hili wiki nzima, na nadhani jibu hilo rahisi linatuficha. Waandalizi hawakukosa muda wa kueleza. Muda ulikuwepo, hotuba zilikuwa tatu. Walichokosa ni mtu wa kueleza. Katika meza zote zile, miongoni mwa wageni wote wale, hapakuwa na msusi aliyealikwa kwa jina lake. Wa kwangu aliingia kwa mgongo wangu.

Na hata hivyo alikaribia kurudishwa. Pale mlangoni binti aliyeshika orodha alinitabasamia mimi, kisha akamtazama mama, gauni lake jeusi alilolishona kwa harusi ya mpwa wake, mkoba wake, mikono yake. "Mama, wafanyakazi wanapitia nyuma," akamwambia. Alisema kwa adabu, bila ubaya wowote, na ndiyo maana iliuma. Nilimweleza, akaomba radhi mara tatu. Mama akampigapiga mkono: "Usijali, mwanangu." Lakini alipoketi aliificha mikono yake chini ya meza, na haikutoka mpaka chakula kilipoletwa.

Nilikwenda nyuma baadaye. Nilitaka kuwaona hao wafanyakazi. Katika chumba kidogo karibu na jiko la hoteli nilikuta wasusi watano, waliofika saa nne asubuhi, waliokijenga kile kikapu cha nywele na zile njia za mchwa. Walikuwa wanakula wamesimama, sahani juu ya masanduku ya vifaa. Mmoja alikuwa anavinyoosha vidole vyake kimoja kimoja, akivivuta kama mtu anayevua pete. Nje, mshereheshaji alikuwa anatoa shukrani: hoteli, mpiga picha, mchanganya muziki, mbunifu wa mavazi, waliotengeneza keki. Nikasikiliza hadi mwisho. Kwenye sherehe ya nywele, watu walioshika nywele hawakutajwa. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Sikujua kwamba hata sherehe yake hataiona.

Hotuba zenyewe nilizisikiliza kwa makini, kwa sababu maneno ndiyo kazi yangu. Msemaji wa kwanza aliahidi kwamba jeli hii "itazituliza nywele sugu". Wa pili akasema itazishinda. Wa tatu akasema mwanamke wa kisasa anataka nywele "zinazotii". Kutuliza, kushinda, kutii: ukifumba macho ungedhani wanazungumzia maasi. Na neno sugu ndilo lililonichoma zaidi. Ugonjwa usiosikia tiba huitwa sugu. Mhalifu asiyekoma huitwa sugu. Lakini sugu ya kwanza, ile ya Kiswahili cha mwilini, ni ule ugumu unaoota kwenye ngozi iliyosuguliwa na kazi. Sugu hiyo naijua. Iko kwenye kidole gumba na cha shahada cha mama, pale uzi na rasta zinapopita maelfu ya mara kwa siku.

Hatukuanza na jeli. Tumezoea kwa muda mrefu kuzisema nywele zetu kana kwamba zina kesi ya kujibu. Nywele laini zilizonyooka tumeziita singa, na neno hilo lina hariri ndani yake. Zetu tumeziita kipilipili. Na ile krimu ya kuzinyoosha tumeipa jina ambalo sijawahi kusikia mtu akilihoji: dawa. "Umetia dawa?" "Nywele zake ni za dawa." Dawa ya nini? Nani alikuwa anaumwa? Nilipokuwa mdogo, siku mbili kabla ya Krismasi, shangazi alikuwa akiweka kichana cha chuma juu ya jiko la makaa, akikifuta kwa kitambaa, na sisi watoto tukakaa foleni huku tumeshika masikio yetu tusiungue. Nilipomaliza darasa la nane nikapandishwa cheo, nikapelekwa saluni kutiwa dawa. Niliambiwa nivumilie ikianza kuwasha, maana ndiyo inashika. Nilivumilia. Nilitoka na vidonda vitatu utosini na nywele zilizolala, na kila mtu nyumbani akanisifu. Simlaumu aliyenitia, naye aliambiwa hivyo hivyo na aliyemfundisha, na kwenye kopo maelezo yalikuwa kwa Kiingereza cha herufi ndogo kama chawa.

Ile dawa kali ya siku hizo kiini chake kilikuwa sodiamu haidroksaidi, kitu kilekile kinachotumika kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Hukata vifungo vya salfa vinavyoipa keratini, yaani protini ya unywele, umbo lake, na haina uwezo wa kujua unywele unaishia wapi na ngozi inaanzia wapi. Oktoba 2022 watafiti wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 wa umri wa miaka 35 hadi 74 kwa karibu miaka 11. Katika muda huo 378 walipata saratani ya mji wa mimba. Kwa wale ambao hawakuwahi kutumia vinyoosha nywele, uwezekano wa kuipata kufikia umri wa miaka 70 ulikadiriwa kuwa asilimia 1.64. Kwa waliovitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka ulikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa aina hiyo huonyesha uhusiano. Hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine, na saratani hiyo si ya kawaida sana. Tena ulihusu vinyoosha nywele. Jeli si dawa, na sitaki msomaji aikimbie jeli yake kwa sababu yangu. Ninachosema ni kwamba tulikwisha kuaminishwa mara moja kwamba kilichomo ndani ya kopo hakituhusu, na walioiona gharama yake ni wanawake.

Zaidi ni wale wanaoshika kopo kila siku. Mteja hunyooshwa nywele mara chache kwa mwaka; msusi hunyoosha kutwa. Zile huduma za kulainisha zinazoitwa za keratini, nyingi zilikuja na fomaldehaidi au kitu kinachogeuka fomaldehaidi, na pasi ya nywele inapopita juu yake gesi hupanda. Fomaldehaidi imewekwa kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa tangu 2004. Sasa fikiria kibanda cha soko kisicho na dirisha, wateja watano, pasi tatu, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Mteja anatoka baada ya saa mbili. Msusi anabaki mpaka saa moja jioni, na kesho atakuwa hapo hapo.

Hii ndiyo sababu namtaka msusi kwenye sherehe, na simtaki kama pambo. Yeye ndiye mtu wa kwanza anayejua kama bidhaa inadhuru, kwa sababu anaiona kwenye vichwa vingi huku kila mmoja wetu akiona kimoja tu. Yeye ndiye anayeweza kusema, "Hii ukiichanganya na ile inatoa unga," au "wateja wangu wanne wamewashwa." Tabibu wa ngozi tunamwendea wakati malaika wameshakwenda. Msusi alikuwepo wanapoondoka.

Nilipita kwenye meza ya maonyesho nikamwuliza kijana aliyekuwa pale mna nini ndani ya jeli. "Vitu asilia," akasema. "Parachichi, mafuta ya nazi." Nikalichukua kopo nikaligeuza. Kwa kawaida inayofuatwa duniani, viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kichache, ila vile vilivyo chini ya asilimia moja vinaweza kupangwa vyovyote. La kwanza lilikuwa maji, kama ilivyo kwa jeli zote. Kisha polima, kisha vitu vya kuzuia isioze, kisha manukato. Parachichi lilikuwa baada ya manukato. Yaani lilikuwemo, kweli, kama vile kijiko kimoja cha chumvi kilivyomo ndani ya pipa la maji. Sikumlaumu kijana, alikuwa amekaririshwa. Lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na anachokinunua, pamoja na kulindwa afya yake na usalama wake. Habari si picha ya parachichi. Habari ni orodha inayosomeka, kwa lugha ambayo msusi wa Kenyatta, wa Kawangware na wa Githurai anaifahamu, na mtu wa kuieleza.

Hata kwa hesabu ya biashara tupu, naona walijinyima. Picha za ule ukuta zitamshawishi msichana anunue kopo la kwanza. La pili ataamua nani? Atakwenda kusukwa, na msusi atamwuliza, "Nikuwekee gani?" na yeye atajibu kama tunavyojibu sote, "Weka ile unaona ni poa." Hapo ndipo jeli inapoishi au kufa. Maduka ya jumla ya Dubois Road yanaujua ukweli huu: wanunuzi wake wengi ni wasusi wenye mikoba mikubwa, wanaofungua kifuniko, wananusa, wanapaka nyuma ya mkono. Paul Kinuthia, aliyeianzisha Nice & Lovely, alianza kwa mtaji mdogo katika miaka ya 1990, akitengeneza shampuu na kuiuza mwenyewe kwenye saluni za Nairobi. Hakupanda paa lolote. Alikwenda kwa wenye mikono, na baada ya muda kampuni kubwa ya urembo duniani ikamfuata kumnunua. Chema chajiuza, lakini huanza kujiuza kwa anayekijua.

Kuna sherehe moja ya nywele ninayoifikiria sana tangu usiku ule. Sarah Breedlove alizaliwa Louisiana, Marekani, mwaka 1867, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Alifua nguo za watu kwa miaka mingi, nywele zake zikakatika, akatengeneza mafuta yake, na ulimwengu ukamjua kama Madam C. J. Walker. Agosti 1917 aliwaita mawakala wake mjini Philadelphia. Walikuja zaidi ya 200, wanawake Weusi waliokuwa wakitunza nywele za wenzao na kuuza makopo yake nyumba kwa nyumba. Mkutano ulikuwa wao. Alitoa zawadi kwa waliouza zaidi, na pia kwa waliotoa zaidi kusaidia jamii zao. Na kwa kuwa mwezi uliotangulia Weusi walikuwa wameuawa katika ghasia za East St. Louis, wasusi wale hawakutawanyika kabla ya kumpelekea Rais Woodrow Wilson telegramu wakidai sheria ya kitaifa dhidi ya mauaji ya magenge.

Soma tena hilo. Mkutano wa watu wa mafuta ya nywele ukamwandikia rais. Walker hakuwa malaika, na kichana cha moto kilikuwa sehemu ya kazi yake. Lakini alijua jambo ambalo sisi hapa Nairobi tumelisahau: kwamba saluni ni mahali ambapo wanawake hukaa saa nne bila kuondoka, na anayewashika vichwa vyao kwa saa hizo nne ana nguvu kuliko bango lolote la Thika Road. Ukimheshimu, ukamfundisha, ukamsikiliza, hatakuuzia jeli tu.

Ndiyo maana nasema kwa wenye kampuni hii, na wenzao watakaopanda mapaa mengine mwaka huu: fanyeni sherehe. Zifanyeni nzuri hata kuliko ile. Sisi wanawake wa mji huu tunasimama kwenye matatu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Tunastahili jioni ya dhahabu. Wekeni wanamitindo, wekeni taa. Lakini mwacheni msusi aingie kwa lango la mbele kwa jina lake. Mpeni kopo wiki nne kabla ya hotuba, si baada yake, na mumpe kipaza sauti aseme alichokiona, hata kama kuna unga. Na mlipeni siku hiyo aliyoiacha meza yake, kwa sababu wengi wao hulipwa kwa kichwa: asiposuka hali.

Mama alikuwa na swali. Hotuba ya tatu ilipokwisha alinyosha mkono, ule mkono uliokuwa chini ya meza, akaunyosha wote. Mshereheshaji hakuuona, au aliuona. Akasema sasa ni wakati wa burudani, muziki ukapanda, watu wakasimama. Mama akakaa na mkono wake juu kidogo zaidi kuliko ilivyohitajika, kisha akaurudisha. Nilimwuliza alitaka kusema nini. "Nilitaka kujua kama inatoka kwa maji peke yake," akasema, "ama mpaka usugue. Ukisugua pale mbele, unamalizia zile zilizobaki."

Hilo ndilo swali bora nililosikia usiku kucha, na lilikuwa swali la pekee.

Jumatatu nilipita sokoni. Kopo la zawadi lilikuwa juu ya rafu yake, kati ya chanuo na boksi la rasta, limeshafunguliwa. Alikuwa amelijaribu Jumapili kwa binti yake, kwenye shungi moja tu, nyuma ya sikio, usiku mzima. Alinionyesha: imeshika vizuri, haikutoa unga, haikuwasha. Kwa maji ya uvuguvugu ilitoka bila kusuguliwa. "Ni jeli nzuri," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata chombo kizuri cha kazi. "Wangeniuliza ningewaambia."

Kisha akavuta kiti, akakipiga vumbi kwa kitambaa, akachukua kitana.

"Haya, leta kichwa. Na leo sikukazi."